Hesabu ya Mbavu za Ntalanda

Ndugu yangu Polikarp hakuwa mjinga. Naanza na hilo kabisa, kwa sababu najua wapo watu, hasa hawa waliosoma mpaka Mbeya, wanaosimulia habari ya mbavu huku wameshika matumbo kwa kicheko, na wakifika mwisho wanasema, "Katekista wa Ntalanda, kichwa jiwe." Jiwe ni wao. Polikarp aliongoza darasa tangu la kwanza mpaka la nne pale shule ya misheni, na mapadri wakampeleka kusomea ukatekista akiwa bado hana ndevu. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Neno likishaandikwa au likishasemwa, kwake limekwisha. Halikunjwi, halipunguzwi, halisogezwi hata kidogo.

Padri alihubiri kwamba mwenye makoti mawili ampe moja asiye nalo. Sote tukaitikia amina, tukarudi nyumbani na makoti yetu. Polikarp alilivua lake palepale mlangoni mwa kanisa, mwezi wa saba, na upepo wa Ufipa wa mwezi wa saba mnaujua. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, mwaka wa sabini na nne, viongozi walisema tuhame na kila kilicho chetu. Alihama na kila kilicho chake, pamoja na jivu la jikoni ndani ya gunia, na aliyelibeba hilo gunia kichwani maili nne huku akipiga chafya ni mimi, Dominika, dada yake mkubwa. Sijamsamehe mpaka leo.

Kwenye habari ya kuumbwa dunia ndiyo usiseme. Siku sita kwake zilikuwa siku sita za kulala na kuamka. Bwana shamba alipokuja kutufundisha kwamba mmea unaishi kwa mwanga wa jua, Polikarp alinyoosha mkono, akamweleza kwa upole kwamba mimea iliumbwa siku ya tatu na jua siku ya nne, kwa hiyo jua ni nyongeza. Bwana shamba akacheka. Polikarp hakucheka. Alikwenda akafunika miche yake ya maharage kwa kapu, juu ya kapu akaweka blanketi, kutwa nzima na usiku wake, na kesho yake akaita watu waje kuona. Miche ilikuwa mizima, imesimama wima. "Siku moja," akasema, "inavumilika." Mtaalamu wa watu akapanda pikipiki yake akaenda zake Chala.

Basi huyo ndiye ndugu yangu. Alikuwa mgane. Mke wake, Epifania, alifia njiani kwenye machela akipelekwa hospitali Sumbawanga, masika, mto umejaa, mtoto amekaa vibaya tumboni na kijijini hakuna mtu wa kumgeuza. Mtoto naye alikufa. Waliobaki ni Polikarp na binti yao wa pekee, Hilaria, ambaye wakati ule alikuwa na miaka minane na alitembea nyuma ya ile machela amebeba kanga za mama yake. Nilimlea mimi. Alipomaliza darasa la saba hakutaka kusikia habari ya kuolewa wala ya kwenda kulima. Alikuwa anashinda zahanati, anafagia, anachemsha sindano, anauliza maswali mpaka mganga anachoka. Mganga wetu alikuwa Isakwisa, kijana Mnyakyusa kutoka Mbeya, Mmoraviani, mpole, ila akishika jambo haliachi. Yeye ndiye aliyemwandikia Hilaria barua ya maombi, na jibu likaja: amechaguliwa kwenda chuo Mbeya kusomea uuguzi na ukunga, aripoti Jumatatu ya mwisho wa mwezi, na fomu isainiwe na mzazi. Polikarp alifurahi, msidhani hakufurahi. Aliiweka ile fomu ndani ya Biblia yake na kusema ataisaini Jumapili baada ya sala.

Ijumaa yake ndipo Isakwisa akatundika picha ya mifupa.

Enzi hizo kila kijiji kilikuwa na darasa la Mtu ni Afya. Mnakaa, mnasikiliza redio, kisha mnafundishwa kuchimba choo na kuchemsha maji. Isakwisa aliona choo tumekwisha kukielewa, akaleta kitambaa chenye picha ya mtu asiye na nyama, mifupa mitupu, akakipigilia ukutani mwa ofisi ya kijiji. Wazee wawili waliondoka hapohapo. Sisi wengine tukabaki tunashangaa.

"Hilaria," Isakwisa akasema, "njoo utuhesabie mbavu."

Hilaria akaenda mbele na kijiti. "Moja, mbili, tatu..." Sauti yake nzuri, haitetemeki. Kumi na mbili huku, kumi na mbili huku. "Ishirini na nne."

"Na za mwanamke?"

"Ishirini na nne."

Nikasikia benchi limelia. Polikarp alikuwa amesimama.

"Hesabu hiyo ina kasoro," akasema.

"Kasoro gani, mzee?" Isakwisa akauliza.

"Kasoro moja. Mwenyezi Mungu alimlaza Adamu usingizi, akachukua ubavu mmoja, akamfanyia mke. Ukiwa na ishirini na nne ukatoa mmoja, unabaki na ngapi? Hii ni hesabu ya darasa la kwanza."

Watu wakaguna kwa kukubali. Kusema kweli hata mimi niliiona hesabu imenyooka. Isakwisa akavuta pumzi.

"Mzee katekista, mtu akikatwa kidole, watoto wake wanazaliwa bila kidole?"

"Anayekata kidole ni panga. Aliyetoa ubavu ni Mungu. Unalinganisha Mungu na panga?"

"Basi tuchinje mbuzi, dume na jike, tuhesabu."

"Wapi imeandikwa kwamba beberu alitolewa ubavu?" Polikarp akamjibu, na ukumbi mzima ukapiga makofi, maana hapo kijana alikuwa amejileta mwenyewe.

Ingeishia hapo. Wallahi ingeishia hapo, tungekwenda kula ugali wetu. Lakini Hilaria, amesimama na kijiti chake mbele ya watu, akasema, "Baba, ziko sawa. Nimezipapasa kwa wagonjwa, wanaume na wanawake. Ziko sawa."

 Hapo Polikarp akasema maneno ambayo Theodory, katibu wa kijiji, aliyaandika kwenye daftari la muhtasari, na ndiyo maana nayakumbuka yote. Alisema: hawezi kumpeleka mtoto wake kwenye chuo kinachofundisha kwamba Mungu hakutoa kitu. Wanaume wa kijiji wahesabiwe. Mbavu zikikutwa sawa, atasaini fomu siku hiyohiyo. Akipatikana mwanamume mmoja mwenye mbavu ishirini na tatu kwa hesabu ya haki, Hilaria haendi.

Nilimfuata nyumbani nikiwa nawaka. Nilimkuta amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Una wazimu wewe?" nikamwambia. "Mtoto amepata nafasi ambayo hata mtoto wa mwenyekiti hakupata, wewe unamwekea mbavu njiani?"

"Dada," akasema, "kama tuko sawa, basi Epifania alitoka wapi?"

"Alitoka Kasanga! Baba yake alikuwa mvuvi! Umesahau ulivyotembea siku mbili kupeleka posa?"

"Sisemi hivyo." Akaweka kiganja ubavuni. "Tangu alipokufa nasema hapa palikuwa pake. Nimekaa miaka minane nikisema hivyo. Sasa huyu kijana aniambie hapa hapakutoka kitu? Kwamba alikuwa mtu tu aliyepita?"

 Nikaenda zangu nikalia jikoni kwangu, nikasingizia moshi.

Sasa, kijiji kingine kingeliacha jambo hili kati ya baba na binti. Chetu kilikuwa na Flavian. Flavian, mwenyekiti, alikuwa mtu mnene, mwema, na aliamini kwamba hakuna tatizo duniani linaloweza kuishinda kamati. Kulikuwa na Kamati ya Choo, Kamati ya Mbolea, na Kamati ya Kukumbusha Kamati Nyingine. Jumamosi asubuhi alituita, akapaza sauti "Uhuru!", tukajibu "Na kazi!", akatangaza Kamati ya Mbavu. Wanaume watahesabiwa na Theodory. Wanawake watahesabiwa na Dominika, kwa kuwa ni balozi wa nyumba kumi na ana mikono ya uzazi. Isakwisa alisema jamani, haihitaji, vitabu vipo. Flavian akamwambia, kijana, vitabu vimeandikwa na watu wa mbali, sisi tunajitegemea.

Nami nikakubali. Mnafikiri ningefanyaje? Nilijua nikiwa ndani ya kamati nitaweza kumsaidia Hilaria.

Kabla hata hatujaanza, maneno yakaenea. Asiyeelewa akamweleza asiyesikia. Ilisemekana mbavu zinaandikwa ili ziingizwe kwenye ujamaa. Ilisemekana atakayekutwa na za ziada atazitoa kwa ajili ya kijiji jirani ambacho hakikufikia lengo. Mzee Adolfu, aliyekuwa na mbuzi saba na tayari hapati usingizi kwa ajili yao, alikimbilia shamba lake la zamani akakaa siku mbili kati ya matuta ya ulezi. Mgambo walipomrudisha alisimama mbele ya Theodory, akashusha mabega, akasema kwa unyonge kwamba yeye ni mtu maskini, ana mbavu kumi tu, sita za urithi. Wengine walisikia kinyume chake, kwamba blanketi za serikali zitagawiwa kwa kufuata mbavu. Hao walijitanua vifua na kutaka waandikiwe thelathini.

Upande wangu nao haukuwa na nafuu. Mwanamke ukimgusa ubavu anacheka. Akicheka, mbavu zinapanda na kushuka, unapoteza ulipofika, unaanza upya. Kuna mmoja nilimhesabu mara nne nikapata namba nne tofauti. Mama mmoja mwenye mimba kubwa akaniuliza, "Dada Dominika, na za huyu wa ndani unahesabu?" Nikaenda kumwuliza Flavian. Akafikiri sana, akasema zingojewe mpaka azaliwe, ijulikane ziandikwe upande gani.

Yeye mwenyewe alipovua shati, Theodory alipapasa, akapapasa, akapapasa tena, jasho likamtoka. Nyama zilikuwa nyingi. Akaandika: "Mwenyekiti, mbavu hazikuonekana." Flavian akasoma, akawa mkali. "Yaani unapeleka wilayani karatasi inayosema mwenyekiti wa Ntalanda hana mbavu?" Theodory akafuta, akaandika: "Mwenyekiti, zipo."

Kazi ilichukua siku tatu, na siku tatu hizo hakuna aliyelima. Jumanne jioni Theodory akajumlisha. Wanawake arobaini na saba walikuwa na jumla ya mbavu elfu moja mia moja ishirini na moja. Wanaume thelathini na wanane walikuwa na mbavu mia nane themanini na sita.

"Haya!" Polikarp akaruka. "Nani ana chache?"

"Wanawake ni wengi zaidi!" Isakwisa alipiga kelele, masikini, sauti ikampasuka. "Gawanyeni!"

Wakagawanya. Theodory alitumia ubao mzima. Kila mwanamke alipata mbavu ishirini na tatu na kitu. Kila mwanamume naye akapata ishirini na tatu na kitu.

"Ishirini na tatu," akasema Polikarp.

"Na kitu," akasema Isakwisa.

"Kitu si ubavu."

"Hata wanawake ni ishirini na tatu!"

"Na kitu," akasema Polikarp.

 Walikuwapo wanaume kumi na mmoja walioandikwa ishirini na tatu kamili, lakini alikuwapo pia mmoja aliyeandikwa thelathini na moja, na Mzee Adolfu na kumi zake, kwa hiyo hata Polikarp alikiri kwamba hiyo si hesabu ya haki. Angeweza kushika karatasi akasema nimeshinda. Hakufanya hivyo. Hilo walicheke pia wale wanaocheka.

Ndipo yeye mwenyewe akatoa njia. Alisema: nihesabiwe mimi. Mtu mmoja, mwembamba, asiyetikisika, mbele ya kijiji, Alhamisi saa sita mchana. Na anihesabu Hilaria.

"Kwa nini Hilaria?" Flavian akauliza. "Yeye ndiye mwenye shauri."

"Mganga amemfundisha mahali pa kuweka vidole. Na mimi nimemfundisha kusema kweli. Kuna mwingine hapa mwenye vyote viwili?"

Hakuna aliyejitokeza. Isakwisa alikubali upesi, na nikaona ametabasamu. Mimi moyo wangu uliruka kwa furaha. Nikajua yamekwisha. Mtoto anapewa kisu ajikatie nyama mwenyewe!

Jumatano mchana nilimkuta Hilaria anasaga ulezi. Alinipa shikamoo bila kusimamisha jiwe.

"Marahaba. Sikiliza," nikamwambia, "kesho ukishika mbavu za baba yako, hata ukikuta kumi, unasema ishirini na nne. Umesikia? Ukimaliza Jumamosi unapanda basi. Mambo ya Adamu tutamwachia Adamu."

"Ndiyo, shangazi."

"Mama yako alikufa kwa kukosa mtu wa kumgeuza mtoto tumboni. Usije ukaleta utawa hapa."

"Ndiyo, shangazi," akasema, na jiwe likaendelea kusaga.

Aliitikia vizuri kabisa. Nilirudi kwangu nikaanza kumkaangia karanga za safari.

Alhamisi kijiji kizima kilikuwa mbele ya ofisi. Wengine walikuja na vigoda. Alikuwapo mchuuzi wa mchele kutoka Mtowisa, hajui lolote, akauliza kuna msiba gani, akaambiwa kuna mbavu, akakaa. Polikarp akavua shati. Maria Mtakatifu, ndugu yangu alikuwa amekonda! Ningeweza kumhesabu nikiwa nimekaa palepale chini ya ubao wa matangazo. Akainua mikono, akafumba macho, akaanza sala yake ya kimyakimya.

Hilaria akaanza upande wa kulia. Alihesabu kwa sauti, taratibu, kidole baada ya kidole. Kumi na mbili. Theodory akaandika. Isakwisa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akahamia kushoto. Moja, mbili, tatu. Nane, tisa, kumi. Kumi na moja.

Akasimama.

Akarudi juu, akaanza tena, sasa bila sauti, midomo tu. Akafika chini, akasimama palepale. Akampapasa nyuma karibu na uti wa mgongo, akabonyeza, akamwambia avute pumzi, akamwambia aitoe. Akarudia mara ya tatu. Nilimwona anavyoyauma meno. Nikamkodolea macho nikijaribu kumsemesha kwa macho: sema, mwanangu, sema ishirini na nne, nani atakuuliza? Aligeuka akanitazama. Kisha akamtazama Theodory.

"Kushoto ni kumi na moja," akasema. "Jumla ishirini na tatu."

Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini aliyasema maneno yote, hadi la mwisho, na hakupunguza hata moja.

Jamani, nilitaka kumzaba kibao! Mbele ya watu wote! Mjinga wewe, nilisema moyoni, mjinga mtoto wa mjinga, karanga zangu nimemkaangia nani? Watu walilipuka. Waliokuwa upande wa Adamu wakarusha kofia, mwingine akaanzisha wimbo wa Pasaka. Flavian alipiga meza mpaka mguu mmoja wa meza ukatoka. Isakwisa aliruka mbele amenyoosha mikono yote miwili.

"Ngojeni! Ngojeni! Ubavu wa mwisho ni mfupi, haufiki mbele! Kwa watu wengine unajificha kabisa ndani ya nyama!"

"Nyama ipi?" mtu akauliza, na watu wakacheka, maana Polikarp alikuwa amesimama palepale kifua wazi.

"Niacheni nihesabu mimi! Hilaria amekosea, ni mwanafunzi, si kosa lake! Nihesabu mara moja tu nitawaonyesha wa ishirini na nne, na mambo yaishe! Mzee asaini fomu, mtoto aende!"

Hapo nikashika roho. Sikuwahi kumpenda Mnyakyusa kama nilivyompenda yule dakika ile. Ilikuwa njia nzuri, kila mtu aliiona. Mganga ahesabu, apate ishirini na nne, Polikarp asaini kama alivyosema, neno lake libaki neno, na Hilaria apande basi. Kilichotakiwa ni Polikarp akubali tu kwamba mtoto alikosea.

Polikarp akafumbua macho. Akashusha mikono. Akalichukua shati lake, akalivaa, akafunga vifungo vyote, na lilikuwa na vifungo viwili tu lakini alichukua muda.

"Hapana," akasema. "Mtoto amekwisha kuhesabu."

"Lakini mzee, amekosea!"

"Hakukosea. Amehesabu mara tatu, nilikuwa namsikia. Alijua akisema ishirini na nne anakwenda, na akisema ishirini na tatu anabaki. Wewe, mganga, ungesema ngapi?"

Isakwisa akaishusha ile mikono yake miwili. Mimi sikuulizwa, namshukuru Mungu.

"Katibu," Polikarp akasema, "andika ishirini na tatu. Umeandika? Sasa Hilaria, kalete Biblia, ile fomu imo ndani."

 Wimbo wa Pasaka ukakatikia njiani. Theodory akafungua daftari kurasa za nyuma, akaweka kidole, akasoma kwa sauti ya kiserikali kwamba Ijumaa iliyopita Ndugu Polikarp alitamka mbele ya darasa: akipatikana mwanamume mmoja mwenye mbavu ishirini na tatu kwa hesabu ya haki, Hilaria haendi.

"Nilitamka," akasema Polikarp.

"Na amepatikana."

"Amepatikana, ni mimi."

"Basi haendi," akasema Theodory, na hakuwa na ubaya, alikuwa anasoma tu kilichoandikwa.

Ndugu yangu alishika ukingo wa meza ile yenye miguu mitatu.  Miaka arobaini na mbili ya maisha yake sikumsikia hata siku moja akirudi nyuma ya neno, si kwa mtoto, si kwa mke, si kwa bwana shamba.

"Nilisema uongo," akasema. "Atakwenda. Andika, Theodory. Andika kwamba katekista alisema uongo mbele ya watu."

Theodory kalamu ilibaki hewani. Hakujua kama jambo hilo lina nafasi kwenye muhtasari. Akamtazama mwenyekiti. Flavian akafuta jasho, akasimama, akafanya kitu pekee alichokijua.

"Ndugu wananchi," akasema, "wanaokubali kwamba katekista amesema uongo, wanyooshe mikono."

Hakuna aliyetaka kuanza. Tulitazamana. Mzee Adolfu akajikuna. Hilaria alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na Biblia kifuani, anatikisa kichwa, baba, hapana, baba.

Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Polikarp. Aliunyoosha juu kabisa, akasimama hivyo bila kututazama, akangoja mpaka mikono yote ya Ntalanda ikapanda na Theodory akamaliza kuihesabu. Alipoushusha ndipo akaomba kalamu.